Hasira za Baba Nasma

Mume wangu hawezi kuuacha wimbo uishe. Anausimamisha katikati, ananyanyua kidole, anasema, "Umesikia hapo?" Nimesikia. Mtaa wetu mzima wa Lizaboni umesikia, maana wimbo wenyewe unapigwa saluni, unapigwa kwa muuza chipsi, bodaboda wanapita nao mchana kutwa, na mtoto wa jirani anauimba akienda chooni. Ni wimbo wa kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyepaka nywele rangi ya machungwa, analia kwa sababu ameachwa na mwanamke. Basi. Lakini ukimsikiliza Swalehe utadhani umeshushwa kutoka mbinguni.

Kuna mahali kijana anaimba, "Hukuniumiza wewe, ni mkono wangu haukuachia." Hapo ndipo Swalehe anaposimamisha. Anakueleza kwamba kijana huyo, bila kujua, amesema kile kile alichosema Budha zamani hizo: binadamu haumizwi na kitu, anaumizwa na kuking'ang'ania. Ukimwambia kijana anamzungumzia mwanamke, siyo Budha, anakujibu kwa upole kwamba hata mwanamke ni hivyo hivyo. Kwa upole. Huo upole wake ndio ulionichosha kuliko wimbo.

Budha aliingiaje nyumbani kwa Waislamu wa Tunduru waliohamia Songea, hilo ni swali la haki. Swalehe, enzi za ujana wake, alikuwa dalali wa vito pale Tunduru mjini, wakati wanunuzi kutoka Sri Lanka na Thailand walipojaa kila nyumba ya wageni. Bosi wake alikuwa mzee wa Sri Lanka aitwaye Gunapala. Huyo mzee kila alfajiri alikuwa anakaa chini, miguu ameikunja, macho nusu yamefumba, anapumua. Swalehe na wenzake walikuwa wanamchungulia dirishani wanacheka. Gunapala aliwaambia anaziangalia hasira zake kabla hazijaamka, wakacheka zaidi. Mawe yalipopungua, mzee akarudi kwao, na sisi tukaja Songea kutafuta maisha. Miaka ikapita. Halafu siku moja kijana wa nywele za machungwa akaimba, "Nimekaa na moyo wangu, nautazama unavyolia," na mume wangu akasimama katikati ya duka, akasema huyu ni Gunapala mtupu.

Duka lenyewe ni kibanda cha kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kwa hiyo muone wenyewe balaa lake. Mtu anayeshinda na muziki kutwa nzima, akishaamini kwamba ndani ya kila wimbo kuna mafunzo, hana tena mteja, ana mwanafunzi. Mkulima mmoja alitoka Lusewa na redio yake ya kubeba begani, akataka singeli za kumchangamsha wakati wa kupalilia. Swalehe akamuuliza kwanza ni nini kinachomfanya asitulie bila kelele. Yule baba wa watu akamtazama, akachomoa flashi yake, akavuka barabara akaenda kwa mshindani wetu. Nilikuwepo, nimepeleka chakula cha mchana. Nilitamani ardhi inimeze.

Pale msikitini watu nao walianza kunong'ona, kwamba Swalehe wa flashi kabadili dini. Nikamfokea usiku na mchana kuhusu hilo. Akanijibu, "Sijabadili dini, Mama Nasma. Nabadili hasira." Na kweli swala haimpiti, Ijumaa yuko safu ya mbele. Kwa hiyo hata hapo sikupata pa kumshika.

Sasa, mtu anaweza kusema mimi Zulfa sina shukrani. Hasira za Swalehe zilikuwa zinajulikana. Amewahi kumrushia mteja kiti. Sahani za udongo nyumbani kwangu hazikuwa zinamaliza mwaka. Nilihangaika nazo hasira hizo kuliko nilivyohangaika na ugonjwa wowote: nilimpeleka kwa shehe akasomewa, jirani yangu Imaculata akaniletea maji ya baraka kutoka kanisani kwao nikamtilia kwenye chai, na mzee mmoja wa kwetu akanipa mizizi ya kufukiza chini ya kitanda. Kitanda kikanuka, hasira zikabaki. Halafu anakuja mtoto wa juzi, hata ndevu hazijamkaa sawasawa, anaimba dakika tatu, na mume wangu anakuwa mtu mwingine. Niambieni nani asingeudhika.

Mwezi wa kwanza nilifurahi. Mwezi wa pili nikagundua kwamba sina tena mtu wa kugombana naye. Fundi bomba alituharibia bomba la uani, maji yakawa yanavuja mpaka kwenye mihogo ya Imaculata. Nikamtuma Swalehe akamtolee uvivu yule fundi. Swalehe akagusa kifua chake, akasema, "Hasira imekuja, naiona, imekaa hapa," kisha akaenda akanywa chai na fundi wakazungumza habari za mpira. Bomba linavuja hadi leo. Imaculata alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama hayo maji ya baraka yalibaki akampe mumewe.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wakati Nasma aliporudi nyumbani.

Nasma ni mtoto wetu wa pekee. Ameolewa na Abdul, kijana wa Tunduru mjini mwenye duka la saruji na mabati, mtanashati, anaongea vizuri na watu wazima. Alikuja na basi la asubuhi, ana begi moja, mtandio ameushusha mpaka kwenye nyusi. Akaniamkia shikamoo huku ameangalia pembeni. Nikaunyanyua mtandio. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba mpaka limefumba, na chini ya sikio kulikuwa na alama za vidole. Sikuuliza kitu. Nilichowaza kwanza, Mungu anisamehe, ni kwamba leo ndiyo siku ambayo hasira za Swalehe zinapata kazi ya halali.

Nilikwenda mbio hadi kibandani. Swalehe akafunga duka, akaja, akamtazama mtoto wake, akakaa naye chini sakafuni. Nikamwambia achukue panga aende Tunduru. Hakuinuka. Nikamwambia maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika. Mwishowe akainuka, nikadhani sasa anakwenda, kumbe anakwenda kuchemsha maji ya chumvi ili amkande Nasma lile jicho. Alimkanda taratibu, kwa kitambaa safi, mpaka Nasma akasinzia. Nilisimama mlangoni nimejishika kiuno.

Baada ya siku chache simu ikaja. Abdul na baba yake mdogo, Mzee Kalolo, wanaomba kikao cha suluhu siku ya Jumapili. Kwa mila zetu Wayao, kwenye kikao cha namna hiyo haamui baba. Baba ni mgeni mheshimiwa. Mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba wake, kaka wa mama, yeye ndiye mwenye mbumba, yaani mlezi wa dada zake na watoto wao wote. Mjomba akisema mtoto anarudi kwa mumewe, anarudi, na baba anasindikiza mizigo. Kwa Nasma, mjomba huyo ni kaka yangu Jumanne.

Kaka yangu ni mtu mwema kupita kiasi. Akiona watu wawili wamenuniana, tumbo linamuuma. Anajisifu kwamba katika mbumba yake hakuna hata ndoa moja iliyovunjika, na ni kweli, kwa sababu kila anayekimbia anarudishwa. Alifika Jumamosi kutoka kijijini kwetu Namasakata na korosho zake kwenye mfuko, nikamwonyesha jicho la Nasma. Lilikuwa limeanza kufunguka, limebaki rangi ya zambarau. Akasikitika sana. Halafu akasema kijana amekwishampigia simu akilia, amekiri, amebadilika, na kwamba anayekiri apewe nafasi. Nikamuuliza kama amelitazama jicho vizuri. Akasema amelitazama.

Nasma alinifuata jikoni. Alikuwa anachambua mchele, haninyanyulii uso. Akasema, "Mjomba akinirudisha nitakwenda, mama. Sitawaaibisha. Ila mara hii mniombee dua, maana alinikaba." Kisha akaendelea kuchambua mchele wake.

Jumapili kabla wageni hawajafika nilimvuta Swalehe chumbani, nikafunga mlango. Nikamwambia leo asiniletee Budha, wala Gunapala, wala wimbo. Nikamwambia kaka yangu atamrudisha mtoto akafe, na kwamba mila ikishindwa, mtu hutumia alichonacho. "Leo namtaka yule mume wangu wa zamani," nikamwambia.

"Humtaki yule," akasema Swalehe.

Alitoka akaenda kutandika mikeka sebuleni. Nikabaki chumbani nimeuma meno, kwa sababu hata pale alijibu kwa upole.

Walikuja wamependeza. Mzee Kalolo alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia iliyoshonwa kwa mkono, Abdul alivaa shati jeupe. Walileta doti za khanga na mfuko wa sukari, wakaviweka katikati ya mkeka mahali ambapo kila mtu ataviona. Nasma aliketi karibu yangu, mtandio mpaka kwenye nyusi. Jumanne alikaa mbele, mgongo ameuegemeza ukutani, kama inavyompasa. Swalehe alikaa karibu na mlango, miguu ameikunja, mikono juu ya magoti, na nilipoiona ile miguu nilijua tumekwisha.

Mzee Kalolo ana kipaji cha kusema. Alianza kwa kumsifu Mwenyezi Mungu, akapita kwa mababu, akafika kwenye ndoa na mitihani yake, akasema shetani hakosi kupita nyumbani kwa vijana wanaopendana. Akasema shetani mara nyingi kiasi kwamba nikaanza kumhurumia shetani. Kisha Abdul akapiga magoti. Alisema amekosa. Aliapa. Alisema, "Mjomba, mimi siyo yule wa wiki iliyopita, nimebadilika kabisa," na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, nilikuwa karibu naye niliyaona. Nikaona kaka yangu analegea. Tumbo lilikuwa limeanza kumtulia.

Jumanne akamgeukia Nasma. "Umemsikia mwenzio, mwanangu?"

"Nimemsikia, mjomba."

Ndiyo hayo tu, kwa adabu zote. Jumanne akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kufunga kikao kwa dua. Nikamtazama Swalehe. Macho yalikuwa nusu yamefumba. Wallahi nilidhani amelala. Nilikuwa na birika mkononi, nikamimina chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaenda mkekani, na hakuna aliyenisema.

Ndipo Swalehe akasema, "Shemeji, neno ni lako, silichukui. Ila naomba nimuulize mkwe wangu jambo moja."

Jumanne alishangaa kidogo. Baba kusema kabla ya dua si kawaida, lakini hakuna anayeweza kumkatalia ndani ya nyumba yake. Akamruhusu.

Swalehe akamgeukia Abdul. "Siku ile mkono wako ulikuwa chini, halafu ukawa juu. Hapo katikati palikuwa na nini?"

Abdul akasema hajaelewa. Swalehe akarudia, taratibu, kama anavyowarudia wateja wake. Abdul akasema palikuwa na hasira tu, zilimpanda. Swalehe akauliza zilianzia wapi. Abdul akasema Nasma alimuudhi, alimjibu mbele ya watu dukani.

"Sikuulizi habari za Nasma. Nakuuliza zako. Zilianzia wapi mwilini mwako?"

Nilifumba macho kwa aibu. Nilijua sasa anakwenda kutoa simu mfukoni, atawapigia watu wazima wimbo wa mtoto, atausimamisha katikati, atanyanyua kidole. Mzee Kalolo alicheka kidogo, akasema kijana ameomba msamaha, na kwamba hayo ni maswali ya hospitali. Hata kaka yangu alianza kujikunakuna shingo.

Swalehe hakutoa simu. Aligusa taya lake. "Zangu zinaanzia hapa," akasema. "Taya linakaza. Kisha masikio yanapata moto. Kisha nasikia kitu kinaniambia, huyu anakudharau. Hapo ndipo mkono unapoinuka. Nimeishi nazo tangu ujana na sikuwahi kuziona zikija. Nilikuwa nazikuta zimeshafika. Zimeshampiga Mama Nasma."

Nilisikia maji ya bomba uani.

Niseme ukweli wangu hapa. Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile, wala nje yake. Nilikuwa nimelifunika kwa mikono mirefu ya magauni, kwa kuanguka bafuni, kwa mlango wa kabati. Nasma nilimlea nikimwambia baba yako ana hasira na vyombo. Watu wa mtaani walijua habari za kiti na sahani kwa sababu mimi mwenyewe niliwasimulia nikicheka, ili wasiulize zaidi. Sasa mume wangu alikuwa amekaa mlangoni analisema mbele ya wakwe, kwa sauti ile ile anayotumia kuelezea memori kadi. Nasma aliinua uso wake, akanitazama kwa jicho lile moja zima na lile la zambarau.

"Nimewahi kukaa hapo ulipo, Abdul," Swalehe akaendelea. "Namasakata, kwa marehemu mjomba wa Mama Nasma. Jumanne alikuwepo, alikuwa kijana, yeye ndiye aliyenitandikia mkeka. Nilipiga magoti, nikasema nimebadilika. Nililia kama wewe. Nikarudishiwa mke wangu, na msimu wa korosho haukuisha nikawa nimempiga tena. Sikuwa nimewadanganya. Nilidhani kujuta ndiyo kubadilika."

Alimgeukia kaka yangu. "Shemeji, huyu hajaziona bado hasira zake. Hawezi kukizuia asichokiona. Ukisema Nasma arudi, mimi sitapiga kelele wala sitamshika mtu. Nitakaa hapa mlangoni. Itabidi mnitoe kwanza."

Jumanne alikuwa ameinamisha kichwa. Najua alikuwa anauona ule mkeka wa Namasakata, kwa sababu na mimi nilikuwa nauona. Mjomba wetu alinirudisha siku ile ile, na Jumanne ndiye aliyebeba begi langu mpaka barabarani, na njia nzima alikuwa ananiambia, dada, shemeji amebadilika. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwake. Alisema, "Abdul, mjibu baba mkwe wako."

Abdul hakuwa tena amepiga magoti. Alikuwa amekaa, na kila mtu sebuleni alimwona. Taya lilikaza, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Masikio yakaiva. "Kwa hiyo nimeitwa hapa kudhalilishwa," akasema, na ngumi ikashuka mkekani, kikombe kikaruka. Nasma alikuwa ameshajikunja nyuma ya bega langu kabla kikombe hakijatua. Sikumwona akisogea. Mwili wake ulikwenda wenyewe.

"Hapo," Swalehe akamwambia Abdul, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwonyesha mwenzake njia. "Hapo hapo. Ndipo zinapoanzia."

Sijui kama Abdul alielewa. Nadhani kwa kitambo kidogo alielewa, kwa sababu aliitazama ngumi yake kwa mshangao. Kisha akainuka akatoka nje bila kuaga. Mzee Kalolo alibaki anafuta chai kwenye kanzu.

"Mtoto anabaki," Jumanne akasema. "Na khanga hizi mrudi nazo, mzee wangu. Na sukari."

Alisema kwa sauti ndogo, akafunga kikao bila dua. Baadaye nilimwona uani, ameshika tumbo.

Walipoondoka nilisubiri mpaka pikipiki ya mwisho ikate kona. Halafu nikamwendea Swalehe. Alikuwa anakung'uta mkeka. Nilikuwa na hasira kuliko nilivyokuwa asubuhi, na nilikuwa namdai furaha yangu pia, kwa sababu mtoto wangu alikuwa hai jikoni na sikuweza hata kufurahi. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya wakwe. Nilimwambia dirisha lilikuwa wazi na Imaculata alikuwa anapalilia mihogo yake. Nilimwambia miaka yote nimebeba aibu yake kichwani, nikaifunga vizuri isionekane, na yeye ameitua sebuleni bila hata kuniuliza kama nimechoka kubeba. Nilimwambia kaka yangu amesikia, Mzee Kalolo amesikia, mtoto wetu amesikia, na mimi ambaye ndiye niliyepigwa nimesikia pamoja na wageni.

"Hayo ulitakiwa kuniambia mimi kwanza," nikasema.

"Kweli," akasema Swalehe.

"Usiniambie kweli. Nimechoka na kweli zako."

Aliweka mkeka chini, akakaa juu yake pale pale uani, na mimi nikabaki nimesimama. Kulikuwa na kitu kinanisumbua tangu Abdul atoke, na sikujua kama nataka kukiuliza. Nikauliza.

"Siku ile Namasakata. Mjomba angekuuliza swali ulilomuuliza huyu."

"Ningekosa jibu."

"Halafu?"

"Asingekurudisha kwangu. Ungebaki kwenu."

Nasma alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Sikujua amefika saa ngapi. Yeye alizaliwa Songea, mwaka uliofuata ule wa kurudishwa kwangu, na hesabu hiyo haihitaji mtu aliyesoma sana. Niliona anaifanya kichwani pale pale, na sinia mkononi.

"Ungebaki, mama?" akaniuliza.

Kwa maisha yangu yote nimekuwa mwepesi wa kujibu. Nina jibu kwa fundi bomba, kwa shehe, kwa mtu yeyote. Pale nilitafuta la kumwambia ambalo lingekuwa zuri, ambalo mama humwambia mwanawe, kwamba nisingebaki, kwamba kwa ajili yako ningepita tena kule kule. Lakini jicho lake lilikuwa bado la zambarau, na kama ningemwambia hivyo, naye angekuja kumwambia hivyo mtoto wake mwenyewe siku moja.

"Ningebaki," nikasema.

Nasma alitikisa kichwa kukubali, akaweka sinia chini. Hakulia. Swalehe ndiye aliyelia, bila sauti, amekaa kwenye mkeka, na safari hii hakugusa kifua wala taya, wala hakutueleza kilio kimeanzia wapi.

"Nisamehe, Zulfa," akasema. Ni miaka hajaniita kwa jina langu.

"Leo siwezi," nikamwambia.

Akasema ameelewa. Nasma akasogeza beseni chini ya bomba lile linalovuja, akaanza kuosha vikombe, na mimi nikakaa karibu yake nikaanza kuvikausha.